Mshenga wa Kitaji na Kimya cha Mtulivu

Jumapili mchana, tangu watu wanapotoka misa ya pili mpaka kivuli cha mawe makubwa ya mtaani kinapofika uani, Mshenga wa Kitaji, mtaa wetu hapa Musoma, alikuwa hapokei mgeni. Ungeweza kuja na jogoo mkononi, ungeweza kuwa na mchumba mwenye mimba na baba mkwe askari, ungekaa tu kwenye benchi la barazani kama wenzako. Ndani utasikia TV inaongea, na utamsikia yeye anaijibu.

"Mwache kwanza," anaiambia. "Usimsaidie. Mwache."

Alikuwa anaangalia marudio. Vipindi vyenyewe vya mahojiano vinarushwaga usiku, na yeye alikuwa analala na kuku. Kwa hiyo mtaa wote ulikuwa umeshajua mgeni gani kaulizwa nini kabla yake, na sheria ilikuwa hakuna kumwambia. Mimi nilikuwaga napita chini ya dirisha lake nikienda bombani, nasema kwa sauti ya mtu anayeongea na simu, "Yaani yule mwanamuziki wa juzi, kumbe mwisho analia." Kandambili ya kushoto inatoka dirishani. Ile kandambili naifahamu kuliko za kwangu.

Sijui alizaliwa wapi. Ukoo wake sijawahi kuuliza, na sidhani kuna aliyewahi; mtu ambaye kazi yake ni kuuliza wengine ukoo, unasahau kuwa na yeye anao. Alikuwa na koti moja la kijivu la kuvaa ukweni, lilikuwa linajua njia za Bunda, Butiama na Nyamuswa kuliko makondakta. Akilivaa tu, sisi watoto wa mtaa tunaanza kubashiri nani anaoa. Watu walisema hajawahi kurudi na "hapana". Na yeye alikuwa anawaacha waseme.

Watangazaji waliotugawa walikuwa wawili, na majina yao ni ya kwetu, tuliwabatiza wenyewe. Wa kwanza Mtulivu. Huyu ni mzee wa suti, ana kikombe mezani ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikinywea. Anauliza swali fupi, anakisogeza kikombe pembeni, anafunga mikono, ananyamaza. Anamwangalia mgeni. Mgeni anajibu, anaona bado anaangaliwa, anaongezea, na kwenye ile nyongeza ndimo anamosema kitu alichokuwa ameapa kutokisema.

Wa pili tulimwita Koti, kwa sababu kila wiki analo jipya linalong'aa kama karatasi ya pipi. Anaingia anacheza, anamcheka mgeni viatu, anajicheka yeye mwenyewe, anauliza maswali matatu kwa pumzi moja, na likijibiwa moja anaridhika.

Mshenga alikuwa wa Mtulivu. Mke wake, ambaye sisi wote tunamwita Bibi, alikuwa wa Koti. Nyumba moja, TV moja, rimoti moja iliyovishwa mfuko wa nailoni. Kipindi cha Mtulivu kikirudiwa, Bibi anamenya karanga kwa kelele. Kikija cha Koti, Mshenga anafumba macho lakini hasinzii, maana kila baada ya muda anaguna.

"Huyo wako anamnyonya mgeni damu kwa kijiko," Bibi anasemaga. "Wangu anachinja mara moja, tunakula."

"Huyo wako mgeni akitoka pale hajaulizwa kitu. Ametekenywa tu."

Na mtaa mzima ulikuwa na la kusema. Kijiwe cha bodaboda chote kilikuwa cha Koti, walidai Mtulivu analaza abiria. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliwakataa wote wawili kwamba wanaharibu lugha, halafu akajisahau akatueleza kipindi kizima. Katekista alisema kwenye jumuiya kwamba Koti anafundisha vijana kutoheshimu wakubwa, ila Mtulivu ni mbaya zaidi, kwa sababu anaungamisha watu bila kuwa padri. Mshenga hakwenda jumuiya karibu Kwaresima nzima. Mimi nilikuwa wa Koti damu damu. Nilikuwa naweza kumwigiza mpaka anavyojipangusa jasho, na adhabu za kufagia uwanja wa shule nilizopata kwa ajili yake sizijutii.

Haya yote yangebaki mambo ya kucheka kama kaka yangu Bwire asingempata Wegesa.

Bwire ni fundi wa injini za mitumbwi. Wegesa ni muuguzi, kwao Butiama. Walipendana vizuri tu, kimya kimya, mpaka ikafika siku Wegesa akatuambia kwamba kuna mwanamume wa Bunda, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye watu wake wameshaanza kupita pale nyumbani kusalimia. Baba yake Wegesa alishafariki. Mwenye kauli ni kaka wa baba yake, yule anayemwita Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa alikuwa hajampinga wa Bunda. Wegesa akasema kama sisi tuna neno tulipeleke haraka, kwa sababu mtu aliyetangulia kusema neno pale kwao ndiye anayesikilizwa mpaka mwisho.

Bwire alikonda. Mtu aliyekuwa anamaliza sato mzima na mkia, akawa anachezea ugali kwa kidole. Baba akavaa shati la mikono mirefu akaenda kwa Mshenga, akangoja barazani marudio yaishe, akarudi ameinua kichwa. Mshenga amekubali.

Sasa ngoja niseme kwa nini kichwa kiliinuka.

Mshenga alikuwa haendi ukweni na yale maneno ya siku zote ya kuona ua zuri kwenye bustani ya watu. Alisema ua likishasemwa na kila mtu linakuwa majani. Yeye alikuwa anauliza. Kuna safari ya Nyamuswa inayosimuliwa mpaka leo: baba wa binti alikuwa mkali, ametaja ng'ombe ambao hata zizi lake lisingewatosha. Mshenga hakubishana. Alimuuliza tu, "Na wewe mzee wangu, ulipokwenda kuoa, walikupokeaje?" Halafu akasogeza glasi ya maji pembeni, akafunga mikono. Yule mzee akajibu mkato. Mshenga akamwangalia. Mzee akaongezea. Akaendelea kuongezea mpaka akafika pale ambapo wakwe zake walimrudisha nyumbani akilia, kijana mzima, njia nzima. Akanyamaza mwenyewe, na alipofungua mdomo tena zizi lilikuwa limeshapungua.

Mshenga alisema wazi kwamba lile kajifunza kwa Mtulivu. Wengine waliona ni uchawi, yeye aliona ni TV.

Lakini mtu huyohuyo aliyesifia kimya, nyumbani kwake hakuweza kunyamaza. Aliongea na kuku, na sufuria, na tangazo la sabuni ambalo alilichukia na kulijua lote kwa moyo. Hata Mtulivu akiwa amenyamaza kwenye kioo, yeye alikuwa anatueleza jinsi anavyonyamaza. "Mnaona? Mnaona hajasema kitu?" Bibi anajibu kwamba hata yeye angependa kuona, kama angepata nafasi ya kusikia hicho kimya.

Na kulikuwa na lingine. Mtulivu akifika kwenye swali la familia, akimuuliza mgeni "na watoto je?", Mshenga anainuka kwenda kuangalia kuku. Kila mara. Mara ya kwanza nilidhani kuku wana shida. Nikaja kuzoea: neno "watoto" likitajwa, kandambili zinaburuzika kuelekea uani, na Bibi anaacha kumenya karanga. Nilipouliza nyumbani, mama alinipa beseni la vyombo. Habari yenyewe niliipata vipande vipande. Walikuwa na binti mmoja. Aliondoka na mvuvi, wakahamia kisiwani Rukuba, na yule mvuvi hakutuma mtu kuja kusema lolote. Mshenga aliyekuwa anawaozesha watoto wa mkoa mzima wa Mara, wa kwake hakuombwa na mtu. Na yeye hakufunga safari kwenda kuuliza. Mtaani tulikuwa tunabishana kuhusu kila kitu, hilo hatukuligusa.

Tulikwenda Butiama kwa Noah ya kukodi: Mshenga mbele na koti lake, baba, shangazi, Bwire aliyepaka mafuta mpaka anateleza, na mimi. Mimi nilikwenda kwa sababu kwao Wegesa wanataka wamwone wifi mtu, waone atakuwa wa aina gani. Shangazi alinifunga khanga mbili na kuniambia nikifungua mdomo pale atanifunga na ya tatu.

Njiani ndipo dereva alipotueleza desturi ya ile nyumba, maana alishapeleka watu pale. Kwao wageni wanaulizwa wamekuja na neno gani, na neno lazima lisemwe kabla ya chakula. Chakula kikiingia neno halijasemwa, basi mmekuja kusalimia, mtakula, mtashukuru, mtarudi mlikotoka. Kulisema tena siku hiyohiyo ni matusi. Mshenga akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa jina la mama yake.

Baba Mkubwa alitupokea vizuri. Mzee mfupi, mpana, ana sauti ya chini. Tulikaa, tukaletewa maji, tukaulizana ya mvua na ya ng'ombe. Halafu akasema, "Haya. Mmekuja na neno gani?"

Mshenga akasema, "Tumekuja kuwasikiliza ninyi kwanza, mzee wangu. Nyumba hii inasemaje kuhusu wageni wake?"

Akasogeza glasi pembeni. Akafunga mikono.

Baba Mkubwa alimwangalia. Kisha na yeye, polepole, akaichukua glasi yake akaisogeza pembeni, akafunga mikono.

Ile namna ya kusogeza naijua. Kidole cha mwisho kinakaa juu, glasi inasukumwa kwa vidole vitatu. Mzee huyu naye alikuwa wa Mtulivu. Naye anaangaliaga marudio. Na naye alijua, kama anavyojua kila mfuasi wa yule mtu, kwamba anayeanza kuongea ndiye aliyeshindwa.

Wakakaa hivyo. Nyie, wakakaa. Nzi alitua kwenye paji la uso la Mshenga, akatembea, akaondoka mwenyewe kwa kuchoka. Baba alikohoa, shangazi akamkanyaga. Bwire alikuwa anatoa jasho mpaka mafuta yakashuka kwenye kola. Mimi ningeweza kusema neno moja tu la Koti, moja, na nyumba ingeanguka kwa kicheko, lakini khanga ya tatu ilikuwa mapajani kwa shangazi. Kutoka jikoni harufu ya nyama ikawa inakaribia. Nikamwombea Mshenga aongee. Nikawaombea wote wawili waumwe na siafu.

Mwishoni Baba Mkubwa alisimama, akatabasamu kwa furaha kabisa, akasema, "Karibuni chakula."

Tulikula kama watu waliokuja kusalimia.

Noah ilirudi na sisi mpaka njia panda ya Makutano. Halafu Mshenga akapumua, akageuka kutoka kiti cha mbele, na uso wake, naapa, ulikuwa unang'aa.

"Yule mzee," alisema. "Yule mzee ni fundi. Mliona hakupepesa?"

Bwire akaomba gari lisimame. Alishuka akaenda kusimama kwenye majani, ametugeuzia mgongo, na sisi tukangoja. Mshenga ndipo akaonekana kuelewa kwamba kuna kitu kimepotea, akageuka mbele.

Usiku huohuo Wegesa alinipigia. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo manesi wanaliweza. Alisema Baba Mkubwa amefurahi sana, anasema maisha yake yote hajapata mtu wa kiwango chake. Alisema pia kwamba watu wa Bunda wametoa taarifa ya kuja rasmi, na siyo kusalimia tena. Yeye mwenyewe amempigia magoti Baba Mkubwa atupokee mara moja nyingine kabla yao, na mzee amekubali. "Lakini wifi," akasema, "mkija kunyamaza tena, mimi nitakuwa mke wa sementi."

Nilipompelekea Bibi hizo habari aliacha kazi yake, akaingia ndani. Nilimsikia hadi barabarani. Tulikuwa tumezoea kuwasikia wakigombania watangazaji kama watu wanaotupiana karanga. Hii ilikuwa nyingine. Alimwambia kwamba miaka yote anamsikia akisema Koti hana adabu, lakini Koti angalau hajawahi kumwacha mtoto wa mtu barabarani akilia, ili aonekane hodari wa kunyamaza. Baada ya hapo pakawa kimya, na safari hii hakuna aliyekisifia.

Siku zilizofuata tulimfundisha. Yaani mimi, mwanafunzi niliyefagia uwanja kwa ajili ya Koti, nilikaa sebuleni kwa Mshenga na kumfundisha kuanza mazungumzo. Nilimwambia aingie na kicheko, atanie kitu kidogo, halafu aliseme neno kabla mtu hajakaa sawa. Alisimama katikati ya chumba na koti lake la kijivu. Akajaribu kucheka. Kuku waliokuwa mlangoni waliondoka.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "hiki kitu chenu mnakitolea wapi?"

"Babu, wewe liseme tu. Bwire anamtaka Wegesa. Ni maneno matatu."

"Nikiyasema hivyo, wataninyima."

"Usipoyasema si tayari wamekunyima?"

Bibi aliyekuwa kwenye kiti hakucheka. Aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, na mzee akatoka kwenda kuangalia kuku ambao walishakimbia.

Mara ya pili tulikwenda bila mafuta na bila maringo. Bwire alivaa shati la kawaida. Njiani Mshenga midomo ilikuwa inamcheza, nikajua anarudia yale maneno matatu. Shangazi alinifunga khanga zangu, na ile ya tatu akaiacha kwenye gari. Nafikiri alikuwa amechoka hata kutisha watu.

Tulikaa viti vilevile. Maji yakaja. Nilimwona Mshenga akivuta pumzi, ameshafungua mdomo, nikasema moyoni haya, sasa. Baba Mkubwa akainua kiganja.

"Kabla ya hilo lako, mshenga. Safari ile mlipoondoka niliuliza watu habari zako. Nataka unisaidie kitu kimoja." Sauti yake ilikuwa ya chini vilevile. "Wewe una binti?"

Akasogeza glasi pembeni.

Mshenga hakugusa ya kwake. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na ilibaki hapo kama vitu vilivyosahauliwa na mtu mwingine. Nilikitambua kile kimya kuwa siyo cha Mtulivu. Alikuwa anatafuta mlango wa kwenda kwa kuku, na nyumba ya watu haikuwa na kuku.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa uani. Nikasikia vifuniko. Nikageuka, nikawaona akina mama wamejipanga wanakuja: mama yake Wegesa mbele na bakuli la nyama limefunikwa, wengine nyuma na ugali na maji ya kunawa. Nyuma yao kabisa alikuwa Wegesa mwenyewe, ameshika taulo, ananiangalia kwa macho makubwa. Wale wamama hawakujua ndani kumefikia wapi. Chakula kikiiva kinaingia.

Nilitoka nikapiga magoti hapo kwenye kizingiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti."

"Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri." Akataka kupita. Sikuwa nimeinuka.

"Za shamba?"

"Nzuri, mwanangu."

"Mtama umekubali?"

Huwezi kumruka binti wa watu aliyepiga magoti anakusalimia, hasa anayetaka kuwa wifi wa mwanao. Nilimuuliza mtama, nikamuuliza muhogo, nikamuuliza ng'ombe na ndama wao. Nilipomaliza wa kwanza nikaanza wa pili, shikamoo shangazi, kwa sauti ya adabu ambayo mwalimu wangu wa zamu angezimia akiisikia. Wa tatu alikuwa na maji ya moto mkononi, nikamuuliza wajukuu mmoja mmoja. Wegesa kule nyuma alikuwa ameziba mdomo kwa taulo. Mimi masikio yangu yote yalikuwa ndani.

Ndani Mshenga alisema, "Ninaye."

Baba Mkubwa hakusema kitu.

"Yuko Rukuba. Hakuna aliyekuja kwangu kumuomba, na mimi nikasema sitakwenda. Nilisema nitanyamaza mpaka yeye aanze kuongea. Yeye naye ni mtoto wangu, amenyamaza. Nina mjukuu kule. Sijui hata anafananaje."

Nilikuwa namuuliza yule mama wa tatu kama mjukuu wa mwisho ameota meno, na sikusikia jibu.

"Kwa hiyo mimi siyo mtu wa kukufundisha wewe kitu, mzee wangu," Mshenga akasema. "Lakini neno la watu hawa nisipolitoa leo litaozea kwangu kama lile la binti yangu. Kijana wetu Bwire anamtaka binti yenu Wegesa. Basi. Hilo ndilo neno."

Halafu nikasikia kiti cha Baba Mkubwa kikisogea.

"Yule mtoto aliyeziba mlango," alisema, "mwambieni awaachie watu wapite. Neno limeshaingia."

Sitaeleza harusi, kila mtu aliyekuwepo anajua kwamba Bwire alikula vya siku zote alizofunga. Ng'ombe walizungumzwa baadaye, wakakubaliwa, na kwenye hayo mazungumzo wazee wale wawili waliongea mpaka wakakauka. Baba Mkubwa anampigia Mshenga kila marudio yakiisha. Siku hizi ameanza kusema Mtulivu amezeeka, anawaacha wageni sana, na Mshenga anabisha kwa nguvu, na Bibi kutoka kwenye karanga zake anamwambia amsalimie huyo mtu mwenye akili.

Mshenga nilimkuta mara ya mwisho pale mwaloni Musoma, ufukoni zinapotua boti, asubuhi ya siku ya shule ambayo mimi nilikuwa na sababu zangu za kutokuwepo shule. Boti la Rukuba lilikuwa linapakia magunia na kreti za soda. Alikuwa amesimama peke yake karibu na maji, amevaa koti la kijivu. Mkononi ana mfuko, ndani yake nikaona khanga mpya na nguo ya mtoto yenye picha ya samaki. Alikuwa amenunua kubwa. Alikuwa amekisia.

Alipaswa kuniuliza kwa nini sipo darasani. Hakuniuliza.

"Mjukuu wangu," alisema. "Huyu Koti wako angeanzaje?"

"Kuanza nini, Babu?"

"Pale mlangoni kwa mwanangu."

Mimi, ambaye huwa nina la kusema hata kwenye mazishi, nilitafuta nikakosa. Akaningoja. Yeye anajua kungoja. Mpakiaji wa boti aliita wa Rukuba, akaita tena.

"Muulize kama amekula," nikasema.

Akaniangalia kuona kama namtania. Halafu akapandisha suruali, akaingia kwenye maji, wakamshika mkono akapanda, akakaa katikati ya kreti na mfuko wake magotini. Boti lilipogeuka niliona midomo yake inacheza. Alikuwa analirudia.